Mwana wa mhunzi: nyumba ya Bach na daftari la mwaka 1725

Swali: Mimi ni mwalimu wa kwaya ya usharika hapa Moshi. Binti yangu wa miaka 11 anajifunza kinanda, na kitabuni mwake mna kipande kiitwacho Minueti, mtunzi Bach. Kijana mmoja wa kwaya alipokisikia akasema hicho si cha Bach, akaongeza kwamba hata kazi nyingine za Bach zilitungwa na mkewe. Mwenzake naye akadakia: mtu mwenye watoto 20 angepata wapi muda wa kutunga? Nimebaki njia panda. Bach ni nani hasa, na kipi ni chake? Na kama ana kitu ambacho kwaya ya kawaida inaweza kukiimba, nielekeze.

Jibu: Mwalimu, salamu kwako na kwa kwaya nzima. Kijana wako amepatia jambo moja na kukosea jingine, na yote mawili yana mzizi mmoja: nyumbani kwa Bach kalamu ya muziki haikuwa ya mtu mmoja. Ilishikwa na baba, mama, watoto, wanafunzi, hata ndugu wa ukoo waliokuja kukaa. Ukilijua hilo, mengine hayatakusumbua.

Minueti kwanza. Kama ni ile inayoanza so, do-re-mi-fa, so, do, do, halafu la, fa-so-la-ti, do ya juu, do, do, basi kijana ameshinda. Aliyeitunga ni Christian Petzold, mpiga kinanda wa kanisa mjini Dresden, aliyeishi zama zile zile za Bach. Watafiti walilitambua hilo miaka ya 1970 tu, na vitabu vingi vya wanafunzi mpaka leo havijasahihishwa. Nami sina mdomo wa kumcheka mtu. Nimewafundisha watoto minueti hiyo kwa miaka mingi nikiwaambia kwa kujiamini kabisa kuwa ni ya Bach.

Kosa lenyewe lina hadithi tamu. Mwaka 1725 Johann Sebastian Bach alimpa mkewe, Anna Magdalena, daftari tupu la muziki. Kurasa za mwanzo aliandika yeye mwenyewe partita mbili, kazi nzito za kinanda. Baada ya hapo daftari likawa la mama mwenye nyumba. Akawa ananakili humo chochote kilichompendeza au kilichowafaa watoto: minueti, poloneza, nyimbo za ibada, wimbo wa mvuta kiko anayetafakari kwamba yeye na kiko chake wote ni udongo. Mwanawe wa kambo, Carl Philipp Emanuel, naye akatia machi zake za kwanza kwanza. Mna hata ule wimbo mwororo wa "Bist du bei mir", unaoimbwa sana kwenye harusi za Wazungu kwa jina la Bach, kumbe ni wa Gottfried Heinrich Stölzel. Sehemu kubwa ya vipande hivyo havina jina la mtunzi. Kwa nini viwe nalo? Lilikuwa daftari la nyumbani, na kila aliyelifungua alijua kipi ni cha nani, kama wewe unavyojua mwandiko wa shangazi yako bila kusoma sahihi. Waliokuja kulifungua baadaye hawakuwa wa nyumba hiyo. Wakaona jina Bach juu, wakampa Bach kila kitu.

Sasa, ukiuliza Bach yupi, hata Mjerumani wa Thuringia, eneo la ukoo huu, mwaka 1700 angekuuliza hivyo hivyo. Huu ulikuwa ukoo wa kazi, kama koo za wahunzi au za mafundi wa majahazi. Mwaka 1735, akiwa na miaka 50, Johann Sebastian aliketi akaandika orodha ya wanaume wa ukoo wao waliofuata muziki. Walifika 53, naye akiwemo. Wa kwanza ni Veit Bach, mwokaji mikate aliyehama kutoka Hungaria kwa sababu ya imani yake ya Kilutheri. Veit alikuwa na ala ndogo ya nyuzi, na alikwenda nayo kinuni akaipiga huku mawe ya kinu yakisaga. Bach anatania kwamba lazima huo mlio wa pamoja ulipendeza, na kwamba angalau mzee alijifunza kushika mapigo. Mjini Erfurt jina hilo lilizoeleka mno hata wanamuziki wa mji wakaendelea kuitwa "akina Bach" wakati hakuna tena Bach hata mmoja miongoni mwao.

Johann Sebastian alizaliwa Eisenach, 21 Machi 1685, kitinda mimba wa watoto wanane. Baba yake, Ambrosius, alikuwa mwanamuziki wa kuajiriwa na mji. Mama alifariki mwaka 1694, na mwezi Februari uliofuata baba naye akafuata. Mtoto hajatimiza hata miaka 10, yatima wa pande zote mbili. Akachukuliwa na kaka yake mkubwa, Johann Christoph, mpiga kinanda wa kanisa huko Ohrdruf, na ndiye aliyemwekea vidole juu ya kinanda.

Kisa cha Ohrdruf kilisimuliwa katika wasifu uliochapishwa baada ya kifo chake, na Emanuel ni mmoja wa walioutunga. Kaka alikuwa na kitabu cha muziki wa mabingwa wa wakati ule, akakifungia kabatini, mtoto asikiguse. Kabati lilikuwa na mlango wa vyuma vya kupitapita kama wavu. Mtoto akapitisha kimkono chake, akakikunja kile kitabu kisicho na jalada gumu, akakitoa. Mshumaa hakuwa nao, hivyo alinakili usiku kwa mbalamwezi tu, miezi sita mizima. Alipomaliza na kuanza kujifunza nakala yake, kaka akagundua na kumnyang'anya. Sijui utamhukumu vipi kaka huyo. Mimi huwa nawaza jambo jingine: kwa watu hawa kunakili ndiyo shule. Hakukuwa na duka la kwenda kununua noti. Ukitaka kujua fulani anatungaje, unaandika noti zake moja baada ya nyingine mpaka mkono unaelewa kabla ya kichwa.

Miaka iliyofuata niipitie haraka. Akiwa na 15 alikwenda Lüneburg kuimba kwaya ili apate elimu. Akiwa na 18 akapewa kinanda cha kanisa Arnstadt. Mwaka 1705 huko alimwita kijana mmoja mpiga basuni jina la kumtukana, kijana akamvizia barabarani na fimbo, Bach akachomoa upanga. Mwaka huo huo aliomba ruhusa ya wiki nne, akatembea kwa miguu zaidi ya kilomita 400 hadi Lübeck kumsikiliza mzee Dieterich Buxtehude, akarudi baada ya miezi minne hivi. Wazee wa kanisa wakamweka kikaoni. Lawama moja ilikuwa ya kuchelewa. Ya pili nadhani na wewe imewahi kukufikia: kwamba anaingiza noti za ajabu ajabu katikati ya nyimbo za ibada na washarika wanapotea.

Mwaka 1707 alimwoa Maria Barbara, naye pia Bach, binti wa binamu ya baba yake. Wakaenda Weimar, kwenye kasri la mtawala Wilhelm Ernst. Alipopata kazi nyingine mwaka 1717 na kung'ang'ania kuondoka, mtawala alimtia ndani kuanzia 6 Novemba hadi 2 Desemba, ndipo akamfukuza kwa hasira. Köthen, alikokwenda, alimkuta mwanamfalme Leopold, kijana anayependa muziki na mwenye bendi nzuri, ila dhehebu la pale halikutaka muziki mwingi ibadani. Ndiyo maana miaka ya Köthen imejaa muziki wa ala: zile konseto sita alizomtumia mtawala wa Brandenburg mwaka 1721, na mwaka uliofuata kitabu cha vipande vya kinanda viitwavyo prelude na fuga, katika kila ufunguo, meja na maina, jozi 24 kwa jumla.

Katikati ya raha hiyo, Julai 1720, alirudi kutoka safari na mwanamfalme huko Carlsbad. Alimwacha Maria Barbara mzima. Alipofika mlangoni aliambiwa mkewe ameugua, amefariki na ameshazikwa. Watoto wanne walikuwa hai, mkubwa ana miaka 11.

Baada ya mwaka na miezi kadhaa, 3 Desemba 1721, alimwoa Anna Magdalena Wilcke. Huyu hakuwa msichana wa kuokotwa jikoni. Alikuwa na miaka 20, binti wa mpiga tarumbeta, na mwenyewe ameajiriwa na kasri la Köthen kama mwimbaji wa sauti ya kwanza. Aliingia kwenye nyumba yenye watoto wanne wa mke mwenzake marehemu, akaendelea kuimba, akaanza kuzaa, akashika kalamu.

Mwaka 1723 wakahamia Leipzig. Baraza la mji lilimtaka mtunzi Telemann kwanza, akakataa. Likamtaka mtunzi mwingine, Graupner, mwajiri wake hakumwachia. Ndipo wakamchukua Bach. Kazi yake ilikuwa kuwa kantori wa shule ya Mtakatifu Thomas: kufundisha wavulana, kuongoza muziki wa makanisa makubwa mawili ya mji, kuhudumia harusi na mazishi. Familia ilipewa makazi ndani ya jengo lile lile la shule, wavulana wakiwa upande wa pili wa ukuta.

Hapa ndipo penye jibu la swali la watoto 20, kwa hiyo niruhusu nikae kidogo.

Kantata ni muziki wa dakika 20 hadi 30 wa kwaya, waimbaji pekee na ala, unaoimbwa kabla ya mahubiri na kufuata somo la Jumapili hiyo. Leipzig zilihitajika karibu 60 kwa mwaka. Miaka ile ya mwanzo Bach alitunga mpya karibu kila wiki. Ibada ilianza saa moja asubuhi na kuchukua saa tatu au nne. Hebu fikiria wiki yake. Ana maneno, hana noti. Anachukua karatasi nyeupe, na kwa kalamu yenye midomo mitano anachora mistari mitano kwa mkupuo mmoja, ukurasa hadi ukurasa. Juu anaandika herufi J.J., yaani "Yesu nisaidie" kwa Kilatini. Anatunga hapo hapo, moja kwa moja kwenye nakala, akifuta na kukata. Ukurasa ukijaa, wino bado mbichi, hawezi kuugeuza. Basi ili wazo lisimtoroke anaandika chini pembeni noti chache za ukurasa unaofuata, anasubiri wino ukauke, anageuza, anaendelea. Vijinoti hivyo vya pembeni vipo mpaka leo kwenye karatasi zake. Mimi huvipenda kuliko kurasa zilizoandikwa vizuri, kwa sababu unamwona mtu mwenye haraka.

Lakini nakala ya mtunzi haimwimbishi mtu. Wewe unajua: sauti ya kwanza wanataka karatasi yao, besi yao, fidla yao, zumari lao. Kila kantata ilidai karatasi kumi na kitu, zote kwa mkono, ziwe tayari kabla ya Jumapili. Hapo ndipo meza ya chakula inageuka karakana. Mwanafunzi mkubwa wa shule ananakili sauti moja, Friedemann, mwana mkubwa wa Bach, nyingine, Emanuel nyingine, mama mwenye nyumba nyingine. Mwandiko wa Anna Magdalena ulifanana na wa mumewe kiasi kwamba wataalamu walichanganya miandiko hiyo kwa vizazi kadhaa. Baba anapita mwishoni kusahihisha. Wazee wetu walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, na pale hata mivukuto ilikuwepo kweli: kinanda cha mabomba hakilii bila mtu wa kusukuma upepo nyuma yake.

Kwa hiyo mwenzake kijana wako amelishika swali kinyume. Nyumba yenye watoto wengi haikumzuia Bach. Hao waliokua ndio walikuwa waandishi wake, wanafunzi wake na wapigaji wake. Mwezi Oktoba 1730 alimwandikia rafiki yake wa utotoni, Georg Erdmann, barua ya manung'uniko. Anasema Leipzig maisha ni ghali, wakubwa wake ni watu wa ajabu wasiojali muziki, na anaongeza kwamba mwaka uliopita hali ya hewa ilikuwa njema mno, watu hawakufa kama kawaida, akapoteza zaidi ya thaler 100 (fedha ya Kijerumani ya wakati ule) za ada za mazishi. (Ndiyo, aliyaandika hayo, na nina hakika bila kuona aibu.) Kisha kalamu inalainika. Anamwambia Erdmann kwamba watoto wake wote ni wanamuziki wa kuzaliwa, anaweza kuunda kundi la waimbaji na wapigaji kwa watu wa nyumbani kwake tu, hasa kwa vile mkewe ana sauti ya kwanza safi na binti yake mkubwa naye si haba.

Miezi miwili kabla ya barua hiyo alikuwa ameandikia baraza la mji kueleza hali ya kwaya yake. Nakutolea hesabu, labda itakuliwaza siku ukiwa na wanakwaya wasioshika sauti. Katika wavulana 54, alisema, 17 wanafaa, 20 bado, 17 hawafai kabisa. Kwa watu wa aina hiyo aliimbisha mateso ya Kristo kadiri ya Mathayo, kazi ya kwaya mbili na takriban saa tatu, inayoaminika kusikika mara ya kwanza Ijumaa Kuu ya 1727.

Lakini hesabu ya 20 ina upande wake wa giza. Saba ni wa Maria Barbara, 13 wa Anna Magdalena. Waliofikia utu uzima ni 10. Kati ya 1726 na 1733 peke yake nyumba ile ilizika watoto saba. Karibu kila mwaka jeneza dogo, na Jumapili kantata. Unaposikia jinsi Bach anavyoandika maneno ya kifo, bila kelele, kama mtu anayembembeleza mtoto alale, kumbuka alikuwa na mazoezi ambayo hakuyaomba.

Na je, mkewe ndiye mtunzi? Dai hili lilivuma miaka ya karibuni kutoka kwa msomi mmoja wa Australia, hasa kuhusu zile kazi sita za selo (fidla kubwa ya sauti nzito) ikipigwa peke yake, na filamu ikatengenezwa. Ushahidi wake mkubwa ni kwamba nakala maarufu ya kazi hizo ni ya mkono wa Anna Magdalena, na juu kuna maneno ya Kifaransa yasemayo "imeandikwa na Bibi Bach". Sasa, mwalimu, wewe ukimwomba katibu wa kwaya akuandikie wimbo ubaoni, je, wimbo ni wake? Maneno hayo yanamtaja mnakili. Isitoshe, ipo nakala nyingine ya kazi hizo hizo ya Johann Peter Kellner, ya mwaka 1726 hivi, inayohesabiwa kuwa ya zamani kuliko ya mama huyu. Watafiti wa Bach kwa wingi wao hawalikubali dai hilo, na mimi nipo pamoja nao. Ila naona watetezi wa dai hilo wanamnyima Anna Magdalena sifa aliyo nayo kweli. Nakala ya mkono wa Bach mwenyewe ya kazi za selo imepotea. Kazi ambazo leo kila mpiga selo duniani anazisujudia zimetufikia kwa sehemu kubwa kupitia mkono wa mama aliyekuwa mjamzito nusu ya wakati. Tunajua pia vitu vidogo juu yake: mwaka 1740 Johann Elias, ndugu wa ukoo aliyekaa nao kama katibu na mwalimu wa watoto, aliagiza kwa barua maua ya manjano kwa ajili ya bustani yake, na ndege mdogo wa kuimba, jamaa ya chiriku. Alipenda ndege aimbe ndani ya nyumba ile yenye kelele zote zile!

Watoto wakawa nani? Wilhelm Friedemann alikuwa mpiga kinanda hodari kupindukia, kipenzi cha baba, akafia Berlin mwaka 1784 katika umaskini baada ya kuuza sehemu ya nakala za baba yake. Johann Gottfried Bernhard alikimbia madeni, na barua ya Bach ya mwaka 1738 juu yake ni ya mzazi aliyeishiwa maneno. Kijana akafa mwaka uliofuata, miaka 24. Carl Philipp Emanuel alimpigia kinanda mfalme Frederick wa Prussia, kisha akaongoza muziki wa makanisa ya Hamburg, akatunza sehemu yake ya urithi kama mboni ya jicho. Johann Christian, wa mwisho kati ya wavulana, alikwenda London, na mwaka 1764 alikaa kwenye kinanda kimoja na mtoto wa miaka minane aitwaye Mozart. Miaka hiyo ukimtaja Bach mbele ya watu wa muziki, wengi wangefikiri Emanuel au Christian. Mzee alikumbukwa na wachache kama fundi wa mambo magumu, mpaka kijana Felix Mendelssohn alipofufua Mateso ya Mathayo mjini Berlin tarehe 11 Machi 1829, akiwa na miaka 20.

Bach alifariki 28 Julai 1750, miezi kadhaa baada ya kupasuliwa macho mara mbili na John Taylor, tabibu Mwingereza wa kuzungukazunguka ambaye baadaye alimpasua macho na mtunzi Händel. Baraza la mji lilikuwa limeshamsaili mrithi wake mwaka mmoja kabla, yeye akiwa hai. Mjane aliomba malipo ya nusu mwaka, akapewa, lakini wakakata kiasi walichosema mumewe alilipwa zaidi alipoanza kazi mwaka 1723. Miaka 27 walikuwa wameitunza kumbukumbu hiyo! Anna Magdalena alifariki 1760 akiishi kwa msaada wa mji. Nakala za sauti za kantata zilizomwangukia aliziachia shule ya Thomas, na zipo Leipzig hadi leo. Kitinda mimba, Regina Susanna, aliishi mpaka 1809, na mwaka 1800 gazeti la muziki la Leipzig lilibidi liwachangishe wasomaji ili aishi. Beethoven alikuwa miongoni mwa waliotaka kumsaidia.

Tuje kwako Moshi. Huenda unamwimba Bach bila kujua, au tuseme unaimba alichokiimba yeye. Wamisionari wa Kilutheri waliofika Kilimanjaro mwaka 1893 walitumwa na misheni yenye makao yake Leipzig, mji uleule, na walikuja na nyimbo za ibada alizokuwa akizipanga Bach miaka 170 nyuma. Ule wa Luther unaotokana na Zaburi ya 46, kwa mfano, ndio mgongo wa kantata yake ya 80. Tuni si zake. Kazi yake ilikuwa sauti tatu za chini. Kwa hiyo usitafute tuni mpya ya Bach, tafuta wimbo ambao kwaya yako tayari inaujua, halafu utafute namna Bach alivyoupanga kwa sauti nne. Ipo mipangilio zaidi ya 350, na mingi inapatikana bure.

Kwa siku kubwa, chukua ule wa kantata ya 147, iliyosikika Leipzig Julai 1723. Kwaya inaimba taratibu, mstari kwa mstari, tuni ya Johann Schop isiyopanda sana. Kinanda ndicho kinachotiririka bila kukoma katikati, noti tatu tatu. Ukiwa na mpiga kinanda mmoja mwenye vidole vizuri, kwaya ya kawaida inauweza kwa mwezi mmoja. Usianze na sauti ya kwanza kama tulivyozoea. Wiki ya kwanza fundisha besi peke yao, wengine wasikilize. Besi ya Bach haikai pale chini ikisubiri amri, inatembea, na wengine wakishaisikia wanajua wapi pa kukanyaga. Tena waambie wasivute mwisho wa kila mstari, kinanda hakiwasubiri.

Na binti. Minueti aendelee nayo, ni nzuri, ila achukue penseli aandike Petzold juu yake. Kisha mtafutie ile invensheni (kipande kifupi cha sauti mbili) ya kwanza, ya ufunguo wa C. Bach aliandika vipande hivyo katika daftari la Friedemann, lililoanzishwa 22 Januari 1720 mtoto akiwa na miaka tisa. Mkono wa kulia unasema do-re-mi-fa-re-mi-do-so, wa kushoto unajibu maneno yale yale chini, na hapo watu wawili wamekwishaanza kuzungumza. Mwanzoni usimpe mikono yote miwili. Kaa kushoto kwake, piga wewe majibu.